Somo la Makatibu: Kiingereza cha Barua za Kikundi



Safari hii tunaongea na makatibu wetu. Tulikaa na kikundi kimoja tukisoma daftari lao la mikutano, tukakuta maneno haya: "We lend 8,000 shillings from the chairlady." Sasa, nani ana deni? Kikundi kilimkopesha mama mwenyekiti, ama kilikopa kwake? Katibu aliyeandika alikuwa amehama. Watu walikaribia kukosana, kumbe shida ni maneno mawili tu.

1. Pesa zimetoka wapi, zimeenda wapi?

Kukopa ni "borrow from". Kukopesha ni "lend to". Usichanganye.

"We borrowed 8,000 shillings from the chairlady": deni ni la kikundi.
"We lent 8,000 shillings to the chairlady": deni ni la mama.

Kwa jambo lililopita, "lend" inakuwa "lent".

Tena tukumbuke: tunaandika "We ask for a tank", lakini "We request a tank", bila "for". Na tunasema "We discussed the tank". Ile "discussed about" tumeizoea sana, lakini si sahihi.

2. Mtendaji na kitendo wapatane

Hili mnalijua tayari. Hakuna anayesema "wanachama wa kikundi kinaomba", hata kama neno kikundi ndilo liko karibu na kitendo. Tunasema "wanaomba", kwa sababu wanaoomba ni wanachama. Kiingereza ni vivyo hivyo: "The members of the group ask." Lakini mweka hazina ni mmoja: "The treasurer of the two groups asks."

Angalia hiyo "s". Akiwa mmoja, inakaa kwenye kitendo: "The member pays." Wakiwa wengi, inahamia kwa watu: "The members pay." Lakini "women" na "people" ni wengi hata bila "s": "The women pay." Na "each" huhesabu mmoja mmoja: "Each of the members pays 200 shillings." "I" na "you" hazitaki "s" kwenye kitendo: "I pay", "You pay".

3. Zoezi la mkutano

Sahihisheni pamoja:
(a) The cows of the group gives milk.
(b) We discussed about the price.
(c) She borrowed 500 shillings to the group, na sasa ana deni.

Majibu: (a) give, (b) ondoa "about", (c) from the group.

Mwisho, msione haya. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 7, inasema Kiswahili na Kiingereza zote ni lugha rasmi. Kama Kiingereza kinawatatiza, andikeni daftari lenu kwa Kiswahili safi. Afadhali Kiswahili kinachoeleweka kuliko Kiingereza cha kuleta ugomvi wa pesa.