Jaketi la mvua linanyonya maji? Usishushe bei kwanza

Wauzaji wa majaketi ya mtumba, hii yenu. Umefungua belo, umelimwagia jaketi maji kidogo, yakazama kwenye kitambaa. Usikimbilie kuliuza bei ya kutupa. Mara nyingi ile dawa ya kuzuia maji bado ipo, ila uchafu na mabaki ya sabuni vimeifunika na chembechembe zake zimelala. Joto huzisimamisha tena.

Lifue kwa sabuni kidogo, suuza mpaka povu liishe, na dawa ya kulainisha nguo usiweke kabisa. Likikauka soma lebo. Kama pasi inaruhusiwa, piga kwa moto mdogo, juu yake uweke kitambaa cha pamba. Mwagia tena. Matone yakiviringika kama kwenye jani la magimbi, rekodi video hapohapo, ndiyo tangazo lako hilo!

Tofauti ni kwamba jani likiwa hai hutoa nta mpya lenyewe. Jaketi haliwezi, dawa ikiisha imeisha, labda upulizie nyingine. Na mteja mwambie ukweli: matone kuviringika siyo kwamba mvua kubwa haipenyi. Angalia mishono kwa ndani. Ule utepe ukiwa umebanduka, maji yataingia tu, na jaketi litarudishwa kwako.