Hesabu ya Kata Inapofanyika Makao Makuu: Makro, Seva na Orodha ya Marejesho

Mwananchi anayefika ofisi ya kata kuulizia salio la mkopo wa kikundi chake humwona mtumishi akibonyeza kitufe, akisubiri kidogo, kisha akichapisha karatasi. Ni rahisi kuamini kuwa hesabu imefanywa na kompyuta iliyo mezani pale. Mara nyingine sivyo. Kitufe hicho huweza kuwa ni amri tu iliyotumwa makao makuu ya wilaya, ambako kompyuta nyingine, iliyofungiwa katika chumba chake bila mtu wa kuitazama, ndiyo iliyojumlisha, ikagawanya na kuandika jina la kikundi upande wa waliolipa au upande wa wanaodaiwa.

Jambo hili linamhusu mwananchi moja kwa moja. Mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, yaani asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, huzunguka kwa marejesho. Kikundi kilichoandikwa kimakosa kuwa hakijalipa hupoteza sifa ya kukopa tena, na jina lake huchafuka mbele ya majirani kabla hata ya kusikilizwa. Ipo mifumo mikubwa ya kitaifa ya mapato na malipo, lakini pembeni yake ofisi nyingi bado hutunza orodha katika lahajedwali. Makosa yanayozungumzwa hapa huzaliwa humo.

Lahajedwali ni daftari la kielektroniki lenye safu wima na safu mlalo, na mahali zinapokutana huitwa seli. Programu ya kwanza ya aina hiyo kwa kompyuta ndogo, VisiCalc, ilitoka mwaka 1979, kazi ya Wamarekani wawili, Dan Bricklin na Bob Frankston. Uzuri wake ulikuwa kwamba ukibadili namba moja, jumla zote zinazoitegemea hubadilika zenyewe. Makro ni hatua ya pili. Ni mfululizo wa maagizo yaliyoandikwa mara moja ili kompyuta iyarudie kila inapoamriwa: fungua faili la kata, soma malipo, linganisha na ratiba, andika salio, chapisha. Kazi inayomchukua karani siku nzima humalizwa kwa dakika chache. Katika Excel, lugha inayotumika kuandika maagizo hayo, VBA, iliingizwa mwaka 1993, na hadi leo ndiyo inayokutwa katika ofisi nyingi.

Kwa nini basi kazi hiyo isifanyike kata kwenyewe? Sababu ya kwanza ni kwamba kompyuta za kata hazilingani. Moja ni mpya, nyingine ni ya zamani. Mtandao nao huwa mwembamba, na kuvuta faili zito kutoka makao makuu kila mara ni kuuchosha bure. Sababu kubwa zaidi ni usalama na umoja wa taarifa. Orodha ikinakiliwa katika kila kata, baada ya miezi mitatu kutakuwa na orodha nyingi zinazopingana, na kila mmoja ataapa kwamba yake ndiyo sahihi.

Hapa panahitajika tahadhari, kwa kuwa hata watumishi wazoefu hupotea. Faili kukaa kwenye seva hakumaanishi kwamba kazi inafanyika kwenye seva. Mtumishi akifungua kwa kubonyeza mara mbili faili lililohifadhiwa makao makuu, faili hilo husafiri kupitia mtandao hadi mezani kwake, na makro huendeshwa na kompyuta yake mwenyewe. Seva hapo ni kabati tu. Mtandao ukikatika katikati ya kazi, huenda faili likabaki nusu limeandikwa.

Ili hesabu ifanywe na seva yenyewe, zipo njia kuu tatu. Ya kwanza ni kuleta picha ya skrini ya seva mezani kwa mtumishi: anachobonyeza kata husafirishwa makao makuu, na kinachorudi ni picha tu. Mtandao ukikatika, kazi kule huendelea. Njia hii ni salama kiasi, kwani macho ya binadamu bado yapo. Ya pili ni kompyuta ya kata kuiamuru seva iiamshe Excel kule kule, bila skrini kuonekana popote, na kuendesha makro kwa jina la akaunti iliyopewa ruhusa. Ya tatu ni foleni: kata huweka faili lake katika kabrasha maalumu, na saa iliyopangwa, tuseme saa mbili usiku, seva huamka, hupitia mafaili yote na kuacha majibu katika kabrasha jingine. Kwa mazingira ya wilaya yenye umeme na mtandao wa kuyumba, njia hii ya tatu ndiyo inayofaa zaidi, kwa kuwa haimlazimu mtumishi wa kata kuwa hewani wakati hesabu inapofanyika.

Lakini njia ya pili na ya tatu zina udhaifu mmoja. Excel ilitengenezwa ikitarajia kwamba kuna mtu mbele yake. Inapokutana na jambo isilolielewa hufungua kisanduku cha ujumbe na kuuliza: faili hili lina viungo vya zamani, visasishwe? Faili la jina hili lipo tayari, lifutwe? Mezani mtu angejibu kwa sekunde moja. Ndani ya seva hakuna wa kujibu. Programu husimama, kisanduku kikiwa kimefunguka mahali ambapo hakuna jicho, na faili hubaki limefungwa hata wengine wasiweze kulitumia. Asubuhi kabrasha la majibu huwa tupu, au baya zaidi, huwa na majibu ya wiki iliyopita ambayo mtumishi huyachapisha akidhani ni mapya. Microsoft yenyewe, mwenye Excel, imeeleza wazi katika maelekezo yake kwamba haipendekezi wala haitoi msaada kwa kuendesha programu zake za ofisi kwenye seva bila mtu. Ofisi nyingi duniani hufanya hivyo hata hivyo, kwa kuwa ni rahisi na ndiyo programu waliyonayo. Anayefanya hivyo anapaswa kuweka ulinzi wake mwenyewe: kuzima visanduku vya maswali ndani ya makro, kuweka muda wa mwisho ambao kazi iliyokwama itasitishwa, na kuandika kumbukumbu ya kila hatua.

Udhaifu mwingine unatokana na tofauti ya mazingira kati ya meza na seva. Makro iliyojaribiwa mezani ikatafuta faili katika diski yenye herufi Z huenda isiipate kabisa kwenye seva, kwa sababu herufi hiyo ilikuwa ni mapatano ya akaunti ya mtumishi huyo peke yake. Kosa hili angalau hupiga kelele. Kosa la tarehe halipigi kelele.

Tanzania huandika siku kwanza, kisha mwezi. Marekani huanza na mwezi. Kikundi kikilipa tarehe 5 Juni 2025, karani ataandika 05/06/2025. Makro ya Excel inapofungua faili la maandishi matupu, lile ambalo thamani zake hutenganishwa kwa mkato, hulisoma kwa utaratibu wa Kimarekani isipokuwa imeagizwa vinginevyo, hata kama kompyuta yenyewe imewekewa utaratibu wa siku kwanza. Hivyo 5 Juni hugeuka 6 Mei. Rejesho la Juni huonekana halijalipwa. Kikundi kilicholipa tarehe 25/06/2025 nacho hupata kasoro ya namna yake: kwa kuwa hakuna mwezi wa ishirini na tano, seli hubaki maandishi, na kanuni inayojumlisha kwa tarehe huiruka. Mtumishi akifungua faili lile lile kwa mkono, tarehe huonekana sawasawa, naye huapa kuwa faili halina tatizo. Anasema kweli, tatizo liko kwenye makro. Dawa yake ni kuiagiza makro waziwazi ifuate utaratibu wa mahali ilipo, au kuandika tarehe kwa kuanza na mwaka.

Jingine ni namba ya kitambulisho cha taifa. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Excel hutunza tarakimu 15 tu za namba yoyote. Zinazozidi hugeuzwa sifuri. Namba ikiandikwa pamoja na vistari vyake huchukuliwa kuwa maandishi na hubaki salama. Ikiandikwa mfululizo bila vistari, tarakimu tano za mwisho hupotea papo hapo, wala haziwezi kurudishwa kutoka katika faili hilo. Watu wawili waliozaliwa siku moja na kusajiliwa eneo moja wanaweza kujikuta na namba ileile, na makro iliyoagizwa kufuta majina yanayojirudia itamfuta mmoja wao. Kwa namba za simu hasara ni ndogo zaidi: sifuri ya mwanzo hudondoka, ujumbe wa kumbusho haumfikii mhusika. Karani aliyekwisha kuiona hali hii huipanga safu wima nzima kuwa ya maandishi kabla ya kuingiza jina la kwanza.

Asidhani mtu kwamba haya ni ya wilaya zenye uwezo mdogo. Mwezi Oktoba 2020, taasisi ya afya ya jamii ya Uingereza, Public Health England, ilitangaza kuwa watu 15,841 waliopimwa na kukutwa na virusi vya korona kati ya Septemba 25 na Oktoba 2 hawakuingia katika takwimu za kila siku. Majibu ya maabara yalikuwa yakikusanywa na mfumo wa kujiendesha na kumiminwa katika lahajedwali la muundo wa zamani wa Excel, ambao mwisho wake ni safu mlalo 65,536. Muundo mpya hufikia 1,048,576. Safu zilipojaa, zilizobaki hazikuingia. Wagonjwa wenyewe walikuwa wamepewa majibu yao, lakini kazi ya kuwatafuta watu waliokutana nao ilichelewa, katika siku ambazo kila siku ilikuwa na thamani. Hakuna aliyelinganisha kwa wakati idadi iliyoingia na idadi iliyotoka.

Upo pia upande wa usalama. Makro huweza kufanya mema na mabaya kwa nguvu ileile: inayoweza kuandika salio inaweza kufuta faili. Mwaka 1999 kirusi kilichoitwa Melissa kilisambaa duniani kikiwa ndani ya makro ya waraka wa Word, na mwaka 2022 Microsoft ilianza kuzuia kwa kawaida makro za mafaili yanayotoka kwenye intaneti. Kwa hiyo haki ya kuendesha makro haipaswi kuwa haki ya kuibadili. Mtumishi wa kata apewe kitufe. Maagizo yaliyo nyuma ya kitufe yabaki kwa wataalamu wa TEHAMA, na kila badiliko liandikwe nani alilifanya na lini. Nywila ya akaunti inayoendesha kazi kwenye seva isibandikwe ukutani, jambo ambalo, kwa bahati mbaya, si hadithi.

Mwananchi atayatumiaje maelezo haya? Tuseme mwenyekiti wa kikundi anaambiwa, “Mama, mfumo unaonyesha mnadaiwa rejesho la Juni.” Jibu linalofaa si ugomvi wala kukubali. Ni kuuliza: “Mtendaji, naomba kuona tarehe iliyosomwa na mfumo kwa malipo yetu, na hesabu hii iliendeshwa lini.” Risiti yenye namba ya kumbukumbu ya malipo ndiyo shahidi, kwa kuwa namba hiyo hutoka katika mfumo wa malipo wa serikali, si katika lahajedwali. Risiti ikisema Juni na orodha ikisema Mei, kosa limeshapatikana. Kuambiwa “mfumo umekataa” si jibu kamili. Mfumo uliokwama huacha alama, na mtaalamu wa TEHAMA anaweza kuitafuta katika kumbukumbu za seva. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inampa mtu haki ya kujua taarifa zake zinazotunzwa na kuomba zirekebishwe zikiwa na makosa.

Orodha iliyoandaliwa vizuri hubeba chini ya ukurasa wake mambo manne: siku na saa hesabu ilipofanyika, jina la faili lililosomwa, idadi ya malipo yaliyoingia na idadi ya malipo yaliyopangwa katika vikundi. Idadi hizo mbili zikitofautiana hata kwa moja, orodha isibandikwe kwenye ubao wa matangazo mpaka malipo hayo yapatikane yalikokwenda.