Nanga za Chuma Ndani ya Tanuru

Saruji haipatikani pasipo moto mkali. Katika kiwanda cha Bamburi, karibu na Mombasa, kilichoanza kutoa saruji mwaka 1954, mawe ya chokaa yalichomwa katika tanuru mpaka yakafikia joto la kadiri ya digrii 1,450 za Sentigredi. Katika joto la namna hiyo chuma cha kawaida hulegea na kupinda. Kwa hiyo ganda la tanuru, ambalo ni la chuma, hufunikwa kwa ndani kwa tofali au zege maalum linalostahimili moto.

Tofali za tanuru linalozunguka hubanana zenyewe, mfano wa mawe ya tao. Lakini zege la kuta na dari za vyumba vya moto hushikwa na nanga, yaani vipande vya chuma, mara nyingi vya umbo la herufi V, vilivyolehemiwa kwenye ganda na kuzama ndani ya zege. Nanga zikikatika, zege huanguka. Ganda huwa jekundu kwa moto, na mafundi walioingia ndani kufanya matengenezo wanaweza kuangukiwa na kufa. Basi yafaa kuzichagua kwa uangalifu.

Kwanza, litazamwe joto la ncha ya nanga. Karibu na ganda joto ni dogo. Kadiri ncha inavyosogelea moto ndivyo inavyoungua. Kwa sababu hiyo nanga hufika kama robo tatu tu ya unene wa zege.

Pili, itazamwe aina ya chuma. Chuma kisichoshika kutu, chenye sehemu 18 katika 100 za kromiamu na 8 za nikeli, hufaa mpaka kama digrii 900. Chenye sehemu 25 za kromiamu na 20 za nikeli hustahimili mpaka kama digrii 1,100, kwa kuwa kromiamu hufanya gamba jembamba linalozuia hewa isikile chuma. Kupita hapo hutumiwa nanga za udongo uliochomwa. Hata hivyo, kilicho ghali si bora kila mahali. Penye moshi wenye salfa nyingi na hewa haba, nikeli huliwa upesi, maana ikichanganyika na salfa huweza kuyeyuka kwenye digrii 645 tu.

Tatu, chuma hutanuka kuliko zege. Joto likipanda digrii 1,000, nanga ya milimita 100 hurefuka karibu milimita 2. Isipopata nafasi, hulipasua zege. Ndiyo maana fundi huivika ncha kofia ya plastiki au huipaka lami. Vitu hivyo vikiungua huacha nafasi ya kutanukia.

Nne, kulehemu. Kutu ikwanguliwe kwanza, na fimbo ya kulehemia ilingane na chuma cha nanga. Kisha kila nanga igongwe kwa nyundo: iliyoshika hutoa mlio mwangavu, na yenye sauti butu ikatwe ilehemiwe upya.

Zege likisha kumiminwa, hakuna jicho litakaloiona nanga tena. Kazi ya ukaguzi ni kabla ya hapo, kwa maana usipoziba ufa utajenga ukuta.