Rafadha 16 na Rubani Mmoja

Tarehe 21 Oktoba 2011, nchini Ujerumani, Thomas Senkel alipaa kwa chombo cha umeme alichokiunda pamoja na wenzake. Kilikuwa na rafadha 16, kila moja na mota yake. Badala ya magurudumu, kilikalia mpira mkubwa wa mazoezi.

Rafadha za upande mmoja zikiongezwa kasi, upande huo huinuka, na chombo huelekea upande wa pili. Rafadha moja ikizimika, zilizobaki huweza kukihimili. Lakini umeme ukiisha zote husimama, nacho hakina mabawa ya kukishusha polepole.

Safari hiyo ilidumu dakika moja na nusu. Kuirefusha si jambo jepesi: nishati iliyomo katika kilo moja ya betri ni ndogo mno ikilinganishwa na ile ya kilo moja ya petroli.

Zoezi: Kwa nini kuongeza betri maradufu hakuongezi maradufu muda wa kuruka?