SOMO LA MAKATIBU: NANI ASITUMIWE TANGAZO LA BIASHARA

Vyama vya msingi vinavyouza pembejeo vyaweza siku hizi kuziweka namba za simu za wanunuzi katika kompyuta, nayo ikatuma matangazo yenyewe kwa siku na saa iliyopangwa. Faida yake ni dhahiri: katibu aliyeko Turwa hana haja ya kumtuma mtu kijiji kwa kijiji kutangaza kwamba mbolea imefika. Lakini mashine haina haya, wala haijui habari za msiba. Itamtumia mjane tangazo lenye jina la marehemu mumewe, na itamhimiza kununua mtu aliyenunua jana. Kwa hiyo, kabla ya kupewa amri ya kutuma, hapana budi mashine ipewe amri ya kutotuma.

Jambo hili si la adabu tu. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inakataza kumpelekea mlaji tangazo la biashara pasipo ridhaa yake. Mtumaji sharti ajitambulishe, aeleze kusudi lake na ampe mlaji njia ya kukataa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei, 2023, nayo inampa mtu haki ya kuzuia taarifa zake zisitumiwe kwa matangazo ya biashara. Namba ambayo mwanachama aliitoa ili alipwe fedha za kahawa hakuitoa ili auziwe dawa ya kunyunyizia. Wanunuzi wa upande wa Sirari wenye laini za Kenya wasisahauliwe, kwani nchi hiyo ina sheria yake ya mwaka 2019.

Wa kwanza kuondolewa ni waliokataa, na hao hawarudishwi ila kwa ombi lao wenyewe. Mzee asiyeweza kuandika ujumbe aweza kukataa kwa mdomo ofisini, hata kwa Kikurya, na karani akaandika jina na tarehe. Wafuatao ni marehemu, kisha wenye namba zilizohamia kwa mtu mwingine. Aliyenunua karibuni huachwa kwa muda utakaowekwa na bodi, mathalani siku 30. Tena yuko mwanachama mwenye mgogoro na chama juu ya malipo yake. Kumhimiza anunue dukani kwa chama kile kile anachokidai ni kumtia uchungu bure. Na asimamishiwe matangazo mpaka shauri lake limalizike.

Kosa linalotokea kwa urahisi ni kulifuta kabisa jina la aliyekataa. Orodha ikinakiliwa upya kutoka katika leja, jina hurudi, na mtu hutumiwa tena. Yafaa namba ibaki, lakini iwe na alama ya kuzuiwa. Vilevile namba moja ikiandikwa mahali pengine kwa 0 na pengine kwa 255, mashine yaweza kudhani ni watu wawili. Basi uchaguliwe mtindo mmoja. Na uchujaji ufanywe saa ile ile ya kutuma: orodha iliyotayarishwa Jumatatu haimjui aliyekataa Jumatano.

Hata hivyo, tangazo la biashara na taarifa ya chama ni vitu viwili. Aliyekataa kuuziwa mbolea hakukataa kuitwa kwenye mkutano mkuu, wala kujulishwa bei na makato yake. Chama kikimzuia kote kote kitakuwa kimemnyima kura yake bila kujua. Ndiyo sababu orodha ziwe mbili, na tangazo la duka lisipachikwe mkiani mwa taarifa ya mkutano. Zamani mbiu ya mgambo ilipolia watu walitoka, kwa kuwa haikupigwa kuuza nyanya.

Kanuni hizi ziamuliwe na bodi na kuandikwa katika muhtasari, katibu asizibadili peke yake.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Mwanachama alikataa matangazo mwezi uliopita, na leo amenunua mbolea dukani. Je, ununuzi huo ni ridhaa mpya?

2. Mume na mke hutumia simu moja. Mume amekataa matangazo, mke anayataka. Katibu afanye nini?

3. Dawa iliyouzwa na chama imegundulika kuwa mbovu. Je, onyo lipelekwe pia kwa waliokataa matangazo?