ANAYEMHUDUMIA MLEMAVU NAYE AFUNDISHWE, NAYE ASHUKURIWE



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya mgonjwa na ugonjwa wake. Mwezi huu tunapenda tumwangalie mtu mwingine, yaani yule anayemhudumia mtu mwenye ulemavu. Anaweza kuwa muuguzi, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, fundi wa viungo bandia, mhudumu wa afya wa kijiji, au mama anayepika na kufua katika kituo cha watoto. Tunajiuliza: je, amefundishwa vya kutosha? Je, kuna mtu aliyewahi kumwambia ahsante? Haya ni maswali ya afya, maana majibu yake huonekana katika mwili wa mtoto.

Wanaohitaji huduma hii ni wengi. Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba asilimia 11.2 ya Watanzania wenye umri wa miaka 7 na zaidi wana ulemavu wa namna fulani. Ni zaidi ya mtu mmoja katika kila watu kumi. Basi hakuna kijiji cha Mbozi, Momba, Ileje au Songwe, wala mtaa wa Tunduma, ambao jambo hili haliuhusu.

MFANO WA MGUU KIFUNDO

Tuchukue mfano mmoja. Wako watoto wanaozaliwa na unyayo uliopinda kuelekea ndani. Ulemavu huu huitwa mguu kifundo. Si laana, wala si kosa la mama. Tena unatibika, hasa matibabu yakianza katika majuma ya kwanza ya maisha. Daktari Ignacio Ponseti, aliyefanya kazi Iowa, Marekani, alibuni njia ya kuunyosha mguu huo bila upasuaji mkubwa.

Kila juma mguu hunyoshwa pole pole kwa mikono, kisha hufungwa plasta ngumu, ile ambayo wengi wetu huita hogo. Kwa kawaida plasta hubadilishwa mara tano au sita hivi. Watoto wengi huhitaji pia kukatwa kidogo kano ya kisigino. Baadaye mtoto huvaa viatu maalumu vilivyounganishwa kwa fito, saa 23 kwa siku kwa muda wa miezi mitatu. Halafu huvivaa wakati wa kulala mpaka afikie umri wa miaka minne au mitano.

Angalieni sasa kazi ya mhudumu ilivyo. Kunyosha mguu huchukua majuma machache, lakini kuulinda usirudi kupinda huchukua miaka. Mama akiona mguu umenyooka hudhani kazi imekwisha, na viatu huwekwa juu ya kabati. Hapo ndipo mguu unaporudi kupinda. Anayezuia hasara hiyo ni mhudumu anayemfuata mama nyumbani, anayejua la kusema, na ambaye hajakata tamaa.

MAFUNZO YA NAMNA GANI?

Ng'ambo ya mto Songwe, ukitoka Ileje, wako jirani zetu wa Malawi. Huko madaktari bingwa wa mifupa walikuwa wachache sana. Kwa hiyo walifundishwa maafisa tabibu wa mifupa, watu wasio na shahada ya udaktari, kutumia njia hii ya Ponseti. Taarifa iliyotolewa mwaka 2005 ilionyesha kwamba karibu miguu yote waliyoitibu ilinyooka. Hapa kwetu, chuo cha TATCOT kilichoanzishwa mwaka 1981 pale KCMC, Moshi, kimefundisha mafundi wa viungo bandia kutoka nchi nyingi za Afrika. Tunajifunza kwamba jambo kubwa ni mafunzo yaliyo sahihi. Nayo yawe na mambo haya:

1. Yawe ya mikono. Mtu hajifunzi kufunga plasta kwa kusikiliza hotuba katika semina. Aone, afanye huku akiangaliwa, asahihishwe, afanye tena. Plasta ikifungwa kwa kubana mno huzuia damu. Ndiyo maana vidole vya mtoto huachwa wazi, na mama hufundishwa kwamba vikivimba, vikibadilika rangi au kuwa baridi, arudi upesi bila kungoja siku ya kliniki.

2. Yarudiwe. Cheti cha miaka kumi iliyopita hakitoshi. Msimamizi amtembelee mhudumu mahali pake pa kazi, si kwa kumkaripia bali kwa kumfundisha.

3. Yafundishe kusema na wazazi. Katika mkoa wetu wako mama wanaoelewa vizuri zaidi wakielezwa kwa Kinyiha, Kinyamwanga au Kindali. Mhudumu ajue kueleza kwa maneno ya nyumbani, na ajue kusikiliza kabla ya kushauri. Mama aliyeitwa mzembe mbele ya watu, kliniki harudi tena.

4. Yawafikie wote, hata mpishi na mlinzi. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo akilishwa huku amelala chali, chakula huweza kuingia katika njia ya hewa na kumletea nimonia. Yafaa akae wima, kichwa kikielekea mbele kidogo, apewe chakula laini kidogo kidogo, bila haraka. Anayeshika kijiko mara nyingi si daktari, ni yule mama wa jikoni. Akikosa mafunzo, maisha ya mtoto yako hatarini.

SHUKRANI YA NAMNA GANI?

Kila Mei Mosi tunaona wafanyakazi hodari wakiitwa mbele na kupewa bahasha. Ni desturi njema, maana wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Lakini anayeitwa ni mmoja, na siku ni moja kwa mwaka. Tena kazi ya kuwahudumia walemavu ina shida yake: matunda yake hayaonekani upesi. Mguu ambao haukurudi kupinda haumshangazi mtu. Mgonjwa aliyegeuzwa kila baada ya saa mbili asipate vidonda vya kulalia hana kovu la kuonyesha. Kwa hiyo asiyetafuta kuiona kazi hii hataiona kamwe, na anayeifanya atadhani haina maana.

Tunashauri viongozi wa vituo wafanye hivi:

Kwanza, haki itangulie. Mkono mtupu haulambwi. Mshahara na posho ya safari vilipwe kwa wakati. Sifa njema haiwi badala ya mshahara, na kumsifu mtu ambaye umemnyima haki yake ni kumdhihaki.

Pili, kazi yenyewe itajwe. Kusema tu “mnafanya kazi nzuri” hakumjengi mtu. Aambiwe: “Mwezi huu ulifika mara tatu kwa mama yule aliyeacha viatu, na sasa mtoto anavaa.” Hapo mhudumu hujua kwamba ameonekana, na wenzake hujifunza jambo la kuiga.

Tatu, aulizwe na asikilizwe. Anayejua kwamba plasta zimekwisha, au kwamba siku ya kliniki imegongana na siku ya gulio, ni yule wa chini. Ushauri wake ukifuatwa, hiyo ni heshima kubwa kuliko kanga.

Nne, apewe nafasi ya kuwafundisha wengine, na kwenda masomoni kwa zamu iliyo wazi. Safari za mafunzo zisiwe za wakubwa peke yao.

Tano, tusimsahau mfanyakazi ambaye mwenyewe ana ulemavu. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na walau asilimia tatu wenye ulemavu. Katika kituo cha walemavu, mtu wa namna hii ni mwalimu kwa wenzake. Anajua kiti cha magurudumu kikwama wapi, na anajua neno lipi huumiza.

TUNDUMA PANA LA ZIADA

Tunduma ni mji wa mpaka. Malori hayaishi, biashara inaita usiku na mchana, na familia nyingi huja na kuhama. Mtoto aliyeanza plasta hapa juma hili huenda juma lijalo yuko Nakonde, ng'ambo ya mpaka, au Mbeya. Mhudumu aliyefundishwa vizuri humwandikia mama maelezo kamili ya kubeba: mtoto amefikia plasta ya ngapi, na inayofuata ni lini.

Tena mji huu humshawishi hata mhudumu mwenyewe. Akichoka kudharauliwa, duka liko jirani. Anapoondoka huondoka na ujuzi uliojengwa kwa miaka, na watoto waliomzoea huanza upya na mgeni. Hasara hiyo haiandikwi katika daftari la hesabu la kituo, lakini wazazi wanaijua.

NASI TUFANYE NINI?

Shukrani si kazi ya wakubwa tu. Mzazi amwambie mhudumu, “Mtoto wangu sasa anatembea.” Jumuiya ndogo ndogo zimtambue mhudumu wa afya wa kijiji chao, zimsaidie baiskeli yake ikiharibika, na zimwonyeshe nyumba ambamo mtoto amefichwa. Tarehe 3 Desemba, Siku ya Kimataifa ya Watu wenye Ulemavu, ni nafasi nzuri ya kuwaita mbele wahudumu pamoja na wale wanaowahudumia. Lakini tusingoje Desemba.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika kijiji au mtaa wetu, ni nani wanaowahudumia watu wenye ulemavu? Tunawajua kwa majina?
2. Ni mafunzo gani wanayoyahitaji ambayo hawajayapata?
3. Ni jambo gani moja tunaloweza kulifanya mwezi huu ili wajue kwamba kazi yao imeonekana?