Matini Moja, Maana Nyingi: Utendaji wa Wimbo "Over the Rainbow"

Utangulizi

Wanafunzi wengi wa fasihi simulizi hurudi kutoka nyanjani na daftari lililojaa maneno ya nyimbo. Mahadhi, ala na hali ya hadhira huachwa kuko huko. Makala haya yanashikilia kwamba daftari la namna hiyo lina nusu tu ya wimbo. Ili kulithibitisha dai hili, unachunguzwa wimbo wa filamu ambao maneno yake yamehifadhiwa kwa maandishi, ilhali maana yake imekuwa ikigeuka kila unapopata utendaji mpya.

Wimbo ndani ya filamu

"Over the Rainbow", yaani ng'ambo ya upinde wa mvua, ulitungwa na Harold Arlen (muziki) na E. Y. Harburg (maneno) kwa ajili ya filamu ya Kimarekani The Wizard of Oz ya mwaka 1939. Mwimbaji alikuwa Judy Garland, aliyekuwa na umri wa miaka 16 wakati wa kuigiza. Mhusika wake, Dorothy, anaishi shambani huko Kansas, na picha za Kansas zina weusi na hudhurungi tu. Rangi kamili huja afikapo Oz. Upinde wa mvua, basi, ni ishara ya kile ambacho Kansas haina. Mahadhi nayo yanaliunga mkono wazo hili: kati ya silabi ya kwanza na ya pili sauti hupanda oktavu nzima, kama mtoto anayerukia tunda lililo juu ya kimo chake. Baadhi ya wakuu wa studio walitaka wimbo uondolewe, wakidai unaichelewesha hadithi. Ulibaki, na ukashinda Tuzo ya Oscar.

Wimbo nje ya filamu

Garland aliendelea kuuimba ukubwani, hadi miaka ya mwisho kabla ya kifo chake mwaka 1969. Hadhira iliyoyajua masaibu yake ilimsikia mtu mzima aliyetafuta asipate, wala si mtoto wa shambani tena. Maneno yalikuwa yale yale. Fanani ndiye aliyebadilika.

Mwaka 1988, huko Honolulu, Israel Kamakawiwoʻole aliurekodi kwa sauti yake na ala moja tu, ukulele. Toleo lake lilitoka katika albamu Facing Future ya mwaka 1993. Aliuunganisha na "What a Wonderful World", wimbo uliorekodiwa na Louis Armstrong mwaka 1967, akapangua mistari na kubadilisha baadhi ya maneno. Kwa mizani ya maandishi, alikosea. Kwa mizani ya fasihi simulizi, alitunga upya. Huko Hawaii upinde wa mvua ni jambo la kawaida angani, si ndoto ya mbali. Ulipounganishwa na wimbo wa kuusifu ulimwengu, matamanio ya Dorothy yaligeuka kuwa shukrani.

Hitimisho

Anayelinganisha matoleo haya kwa maneno pekee ataona makosa ya kunakili. Anayetazama utendaji ataona tungo tatu: ya mtoto, ya mtu mzima na ya mwana wa visiwani. Ni vyema, basi, mkusanyaji wa nyimbo zetu aandike pia nani aliimba, mbele ya nani, kwa ala gani na katika hali gani. Bila hayo, kilichohifadhiwa ni maneno, wimbo umepotea.